Viini vinane, mega chache

Simu za bei ya chini za Tecno na itel, zile zilizoenea katika masoko ya Afrika ya kati, siku hizi hubeba prosesa yenye viini vinne au vinane. Mojawapo ya prosesa zinazotumika sana katika simu za daraja hilo ni SC9863A ya kampuni ya Unisoc, iliyotoka mwaka 2018: viini vinane vya aina ya Cortex-A55, vikienda kwa mizunguko ipatayo bilioni 1.6 kila sekunde. Lakini mpe simu hiyo mtu wa Kamina, mkoani Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, afungue programu ya kujaza fomu za kituo cha afya au hesabu za duka. Skrini huganda, mega za intaneti zilizonunuliwa asubuhi huisha kabla ya adhuhuri, na betri haifiki jioni. Mwenye simu huilaumu simu yake, kisha huulaumu mtandao. Mara nyingi lawama ingemstahili aliyeandika programu, kwa sababu ameacha kazini kiini kimoja na nusu, akavilaza vingine, na kazi iliyowezekana kufanyika mkononi akaituma kwenye seva ya nchi nyingine.

Hoja ninayoitetea hapa inaweza kumshangaza anayedhani kwamba mbinu za kuandika programu kwa prosesa za kisasa ni anasa ya watu wa michezo ya video na wa vituo vikubwa vya data. Kwenye vifaa vya leo kuhesabu ni rahisi na kusafirisha data ni ghali. Ndivyo ilivyo ndani ya kipande cha silikoni chenye upana wa ukucha, na ndivyo ilivyo kati ya simu ya Kamina na seva iliyo ng'ambo. Mji ambao umeme wake hauaminiki na mega zake zinahesabiwa moja moja una haja ya mbinu hizi kuliko mji wenye kila kitu.

Ili kuona tumefikaje hapa, turudi nyuma miaka hamsini hivi. Tangu mwaka 1974, Robert Dennard wa IBM na wenzake walipoeleza kwamba transista ikipunguzwa ukubwa inaweza kwenda kasi zaidi bila kuongeza joto katika eneo lilelile, watengenezaji wa prosesa walipandisha kasi kizazi baada ya kizazi. Mwandishi wa programu hakuhitaji kufanya lolote. Msimbo wake wa jana ulikwenda mbio zaidi kwenye mashine ya kesho. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 njia hiyo ilifungwa na joto. Mwaka 2004 Intel iliacha mradi wake wa prosesa uliokuwa ukikimbilia kasi kubwa zaidi, na mwaka uliofuata Herb Sutter akaandika makala maarufu akitangaza kwamba chakula cha bure kimekwisha. Tangu hapo nguvu mpya huja kwa njia nyingine: viini vingi badala ya kimoja chenye mbio, amri zinazoshughulikia namba kadhaa kwa mpigo mmoja, na kache, yaani kumbukumbu ndogo za haraka zilizopangwa ngazi kwa ngazi karibu na kiini. Nguvu hizi zote hazimfikii mwandishi wa programu bila yeye kuziandalia nafasi katika msimbo.

Wakati huohuo programu zenyewe zilinenepa. Niklaus Wirth, Mswisi aliyebuni lugha ya Pascal, alionya tangu 1995 kwamba programu zinazidi kuwa nzito upesi kuliko mashine zinavyozidi kuwa na kasi. Ofisini Ulaya, unene huo hufichwa na mashine mpya kila baada ya miaka mitatu. Kamina hauna mahali pa kufichwa.

Nianze na kumbukumbu, kwa kuwa hapo ndipo programu nyingi zinapopoteza mbio zao bila mwenyewe kujua. Kiini cha prosesa kikihitaji namba iliyo kwenye kache ya karibu kabisa, hungoja mizunguko michache tu. Namba hiyo ikiwa kwenye kumbukumbu kuu, hungoja mizunguko mia na zaidi. Prosesa ya kompyuta ya bei kubwa hupunguza hasara hiyo kwa kuruka mbele: huku ikingoja, hutafuta amri nyingine zilizo tayari ikazitekeleza kwanza. Cortex-A53 na Cortex-A55, viini vya simu za bei nafuu, hutekeleza amri kwa kufuata mpangilio wake. Amri moja ikikwama, zilizo nyuma yake nazo husimama. Kwa hiyo msimbo mbovu ambao kwenye laptopu ya mwandishi unaonekana kupungua kasi kidogo tu, kwenye simu ya mnunuzi wa Kamina huumia mara nyingi zaidi. Laptopu inamficha mwandishi ukweli.

Chukua mfano ambao Haut-Lomami inaujua vizuri. Mwaka 2017 virusi vya polio aina ya pili vitokanavyo na chanjo viligunduliwa katika mkoa huu na katika Maniema, na Februari 2018 serikali ya Kongo ikatangaza hali ya dharura ya afya ya taifa. Timu za chanjo zilipaswa kufika katika kila kijiji cha maeneo matano ya utawala: Bukama, Kabongo, Kamina, Kaniama na Malemba-Nkulu, pamoja na kambi za wavuvi kando ya Lualaba na ziwa Upemba, ambako hakufikiki ila kwa mtumbwi. Lakini hesabu ya mwisho ya watu wa nchi hii ilifanyika 1984. Nani angejua watoto wako wangapi, na wako wapi? Mradi wa GRID3, ukishirikiana na wizara ya afya na watafiti wa WorldPop wa Chuo Kikuu cha Southampton, ulitengeneza makadirio ya watu kwa kutumia picha za setilaiti na tafiti za nyanjani, na Haut-Lomami ni miongoni mwa mikoa iliyoshughulikiwa. Google nayo, kupitia kituo chake cha Accra, ilitoa mwaka 2021 ramani ya majengo milioni 516 ya Afrika, yaliyotambuliwa na mashine kutoka picha za setilaiti.

Kazi ya kuyatambua majengo hayo ilihitaji vifaa vizito vilivyo mbali. Kuitumia ramani hiyo kijijini, hata hivyo, ni kazi ya simu. Tuseme muuguzi wa zoni ya afya ya Kinkondja amebeba simuni mwake majengo milioni moja, naye anataka kujua ni yapi yaliyo ndani ya mita mia tano kutoka aliposimama. Njia ambayo waandishi wengi hufundishwa ni kulifanya kila jengo kuwa kitu chenye sehemu zake: jina, namba, hali ya chanjo, tarehe, latitudo, longitudo. Vitu milioni moja hutawanyika kumbukumbuni, na kila kimoja hufikiwa kwa kielekezi. Prosesa haichukui baiti moja moja. Huchukua mstari wa kache wa baiti 64 kwa pamoja. Kila inapogusa jengo hubeba baiti 64 ili itumie nane za latitudo na longitudo. Sehemu saba kati ya nane za safari ile ni mzigo wa bure.

Ukigeuza mpangilio, latitudo zote ukaziweka katika safu moja na longitudo zote katika nyingine, kila namba ikiwa na baiti nne, jumla ni megabaiti nane. Mstari mmoja wa kache sasa hubeba latitudo kumi na sita, na zote zinatumika. Prosesa, ikiona unasoma kwa kufuatana, huanza kuleta mistari inayofuata kabla hujaiomba. Amri za NEON, zilizomo ndani ya viini vya Cortex-A55 vya simu, hulinganisha namba nne kwa mpigo. Hata simu ya bei nafuu husoma kumbukumbu yake gigabaiti kadhaa kwa sekunde. Megabaiti nane humalizika katika milisekunde chache, kabla kidole hakijaondoka kwenye skrini. Wala baiti nne hazipunguzi usahihi wa maana: Kamina ipo karibu na longitudo 25, na hapo namba ya aina hiyo hutofautisha nukta zilizoachana kwa takriban sentimita ishirini, wakati GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa. Swali hilohilo likitumwa kwenye seva, huchukua sehemu ya sekunde mtandao ukiwa mzima, na kando ya Upemba mara nyingi halirudi kabisa.

Mpangilio huo hauhitaji chombo cha kununua. Kompaila za GCC na Clang, ambazo ni za bure, zenyewe hugeuza kitanzi rahisi kuwa amri za NEON iwapo data imepangwa kwa safu na mwandishi ameomba uboreshaji wa kutosha. Zote mbili zina chaguo la kueleza ni vitanzi vipi zilivyoweza kuvigeuza na ni vipi zilivyoshindwa, na kwa nini. Naona huduma hiyo ina thamani kuliko vitabu vingi. Mwanafunzi akiisoma kwa mwezi mmoja huanza kuandika tofauti.

Kuhusu viini vingi, hapa pana maneno mengi na matokeo machache kuliko watu wanavyotarajia. Gene Amdahl alionyesha 1967 kwamba kasi inayopatikana kwa kugawa kazi hupimwa na sehemu isiyogawanyika. Kamina ni njia panda ya reli: njia ya kutoka Lubumbashi huendelea hadi Ilebo, na tangu 1956 tawi jingine huenda Kabalo na kuungana na njia ya Kalemie. Kuongeza vichwa vya treni katika kituo cha Kamina hakuharakishi mizigo ikiwa lazima yote ipite kwenye njia moja ya chuma. Vivyo hivyo, programu ambayo asilimia 20 ya kazi yake lazima ifanywe kwa mfululizo, ukiipa viini vinane hupata kasi ya mara tatu na kidogo, na hata ukiipa viini elfu haivuki mara tano.

Kwa programu nyingi za simu, kwa hiyo, ushauri wangu ni wa kiasi. Uzi mmoja, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, ushughulikie skrini na usifanye kingine. Mwingine usome na kuandika faili. Kazi nzito chache zinazogawanyika kirahisi, kama kubana picha au kupekua safu ndefu, zigawiwe kwa viini vilivyobaki. Zaidi ya hapo, hatari hukua upesi kuliko faida. Nyuzi mbili zikiongeza hesabu ileile ya dozi kwa wakati mmoja bila kinga, kila moja husoma 40, kila moja huandika 41, na dozi moja hupotea. Kosa la namna hiyo halitokei kila mara. Hutokea siku ya kampeni, simu ikiwa na kazi nyingi, na hakuna anayeweza kulirudia akiwa mezani. Chombo cha ThreadSanitizer, kilichotokana na kazi ya wahandisi wa Google na sasa kimo ndani ya GCC na Clang, huangalia programu ikienda na kutaja mistari miwili ya msimbo inayogongana. Lugha ya Rust, iliyotoa toleo lake la kwanza thabiti Mei 2015, imekwenda mbali zaidi: kompaila yake hukataa katakata msimbo ambamo nyuzi mbili zinaweza kugusa data ileile bila utaratibu. Kujifunza Rust kunachosha mwanzoni, na kompaila yake ni nzito kwa laptopu kuukuu. Hata hivyo, kwa programu itakayokaa miaka kumi vijijini bila fundi karibu, uchovu huo ni halali.

Tuje kwenye betri. Nchini Kongo, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme, na mwenye simu kijijini huipeleka kwenye kibanda cha kuchaji na kulipa. Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha mwaka 2014 kwamba nishati ya kuleta namba moja kutoka kumbukumbu kuu ni mara mia kadhaa hadi elfu kadhaa ya nishati ya kuijumlisha. Kwa maneno mengine, ule mpangilio wa safu uliotupa kasi kule juu ndio unaolinda chaji pia. Redio ya simu ina tabia yake ya kuzingatiwa: baada ya kutuma data, hubaki macho kwa sekunde kadhaa ikingoja. Programu inayotuma ujumbe mdogo kila dakika huiamsha redio tena na tena siku nzima. Inayokusanya jumbe za nusu siku na kuzituma mara moja huiamsha mara mbili kwa siku. Na prosesa vilevile hupenda kumaliza upesi ikalale: kazi ya milisekunde kumi kwa nguvu kamili, kisha usingizi mrefu, mara nyingi hula chaji kidogo kuliko kazi ileile ikiburutwa.

Lugha nayo ina sehemu yake. Utafiti wa wanazuoni wa Ureno uliotoka 2017 ulipima lugha 27 kwa mazoezi yaleyale. Rust ilitumia nishati karibu sawa na C, Java karibu mara mbili, na Python zaidi ya mara sabini na tano. Namba hizo zisichukuliwe kama hukumu. Mazoezi yenyewe yalikuwa madogo, na programu ya Python inayokabidhi kazi nzito kwa maktaba zilizoandikwa kwa C haipati hasara hiyo yote. Jambo la kuzingatia ni kwamba lugha ya kuandikia fomu na lugha ya kuandikia kitanzi kizito si lazima ziwe moja. Android inaruhusu Kotlin kwa skrini, na C++ au Rust kwa ile asilimia ndogo ya msimbo inayokula muda wote.

Uhifadhi wa data na upatanisho wake ni mada ndefu. Nitagusa mambo mawili. Kila simu ya Android ina SQLite, hifadhidata ndogo aliyoianzisha Richard Hipp mwaka 2000, inayokaa ndani ya faili moja bila seva. Makosa mengi ya kasi hutokana na kuiandikia rekodi moja moja, kila moja ikingoja uthibitisho wa chipu ya kuhifadhia, ambayo katika simu nafuu ndiyo sehemu ya polepole kuliko zote. Rekodi mia tano zikifungwa katika muamala mmoja, kungoja huwa kumoja. Jambo la pili ni kukutana kwa data zilizoandikwa mbali mbali. Mfumo wa taifa wa habari za afya wa Kongo, SNIS, hutumia DHIS2, programu iliyokulia Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini ya baada ya 1994; na programu yake ya Android huweka kazi simuni kisha huioanisha mtandao ukipatikana. Huo ndio mwelekeo sahihi. Lakini wauguzi wawili wakirekebisha rekodi ya mtoto mmoja bila kuwasiliana, na saa za simu zao hazilingani, kanuni ya kwamba aliyeandika mwisho ndiye mshindi hufuta kazi ya mtu. Mwaka 2011 Marc Shapiro na wenzake walieleza miundo ya data inayoungana bila mgongano, kwa utaratibu wowote wa kufika. Inahitaji nafasi zaidi na fikra zaidi. Kwa rekodi za chanjo naona inastahili.

Sasa meza ya fundi mwenyewe, na hapa ndipo kijana wa Kamina anapoonewa zaidi. Laptopu yake kwa kawaida ni ya mkono wa pili, imekwisha tumika miaka mingi katika ofisi ya ng'ambo. Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa masasisho ya kawaida, na Windows 11, iliyotoka 2021, huzikataa rasmi prosesa nyingi za kabla ya 2018 hivi. Linux ingali inazipokea, ingawa nako mlango unazidi kuwa mwembamba: Red Hat, kwa toleo lake la kumi, sasa inadai prosesa zenye amri za AVX2, zilizoingia kwa Intel mwaka 2013 na kizazi cha Haswell. Ukipakua programu iliyokusanywa kwa amri hizo na kuiweka kwenye mashine ya 2011, hufa papo hapo kwa kosa la amri isiyojulikana. Dawa ipo na ni ya zamani: kompaila inaweza kuweka matoleo mawili ya kitanzi kilekile katika faili moja, na programu ikaangalia prosesa inapoanza ili ichague linaloifaa. Debian, ambayo bado inazihudumia mashine hizo, ndiyo ningemshauri mtu wa huku.

Tatizo kubwa kuliko prosesa ni zana zinazodhani mtandao ni kama hewa. Android Studio inataka angalau gigabaiti nane za kumbukumbu, na mradi mtupu wa kwanza hupakua mamia ya megabaiti kabla ya kuonyesha skrini moja. Miradi ya JavaScript huvuta vipande mia kadhaa vya watu wasiojulikana. Mwanafunzi anayenunua mega kwa fedha ya chakula anamaliza akiba yake kabla hajaandika mstari. Haya yanaweza kupangwa vingine. Gradle inaweza kufanya kazi bila mtandao mara vipande vyote vikiwa vimeshapakuliwa. Go na Rust zina amri ya kuhifadhi maktaba zote ndani ya mradi wenyewe. Debian hutolewa kwa diski kamili ambayo mtu mmoja anaweza kuinakilia darasa zima. Git, iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ilibuniwa ili kila nakala iwe na historia nzima, nayo ina amri ya kufunga historia hiyo katika faili moja. Faili hilo linaweza kusafiri kwa kadi ya kumbukumbu katika mfuko wa abiria wa treni ya Lubumbashi na kufunguliwa Kamina bila kupungukiwa na kitu. Kiwix, iliyoanza 2007, hubeba Wikipedia na maelfu ya majibu ya waandishi wa programu bila intaneti. Chuo Kikuu cha Kamina, au shule yoyote ya ufundi yenye kompyuta moja ya kuaminika na diski ya terabaiti mbili, inaweza kuwa ghala la haya yote kwa mji mzima. Gharama yake ni ndogo kuliko semina moja ya hotelini.

Katika zana zote, ningeitanguliza profaila, yaani chombo cha kupima mahali ambapo programu inatumia muda wake. Waandishi, wakiwemo wazoefu, hukisia vibaya mahali ambapo programu inapoteza muda. Kwenye Linux ipo perf, iliyoingia katika kiini cha mfumo mwaka 2009, na ipo Valgrind yenye Cachegrind, ambayo huigiza kache na kuonyesha mistari ya msimbo inayoikosa. Android ina simpleperf na Perfetto. Lakini upimaji ufanyike kwenye simu ileile ya mnunuzi, ikiwa imejaa picha na muziki, na betri ikiwa nusu. Simu mpya ya mwandishi haitampa habari yoyote ya kweli.

GPU, yaani prosesa za picha, na akili bandia nimeziacha nyuma makusudi, kwa kuwa kwingine ndizo zinazomeza mazungumzo yote. Kufunza miundo mikubwa hakutafanyika Kamina hivi karibuni. Kuitumia kunawezekana. Georgi Gerganov, Mbulgaria, alionyesha 2022 na 2023 kwa whisper.cpp na llama.cpp kwamba muundo wa sauti au wa lugha unaweza kwenda kwenye prosesa ya kawaida, kwa C++ tupu na amri kama hizo za NEON. Siri kubwa ni kupunguza usahihi wa namba: muundo wa vigezo bilioni saba, uliohitaji gigabaiti kumi na nne kwa namba za biti 16, hushuka hadi karibu nne kwa biti nne. Whisper ndogo kabisa, ule muundo wa sauti, huingia katika megabaiti 75. Kikwazo ni lugha. Kiswahili cha Kongo kimeanza kupata data, kwa mfano katika mkusanyiko wa tafsiri za Covid wa TICO-19 wa mwaka 2020, ila Kiluba cha Katanga kingali nyuma sana, na ndicho kinachosemwa na bibi anayemleta mjukuu wake kwenye chanjo.

Kuna wanaosema haya yote ni kazi bure, kwa kuwa mtandao unakuja. Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, iliipa Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, leseni. Nafurahi. Ila sahani ya setilaiti inataka umeme mfululizo na malipo ya dola kila mwezi, nayo itakaa paani kwa ofisi ya zoni, wala haitamfuata mchanjaji juu ya baiskeli yake hadi Mulongo. Wengine husema muda wa mwandishi ni ghali kuliko mashine. Ni kweli pale ambapo kampuni moja hulipa mwandishi na mashine pia. Katika miradi ya afya na elimu ya huku, mwandishi hulipwa mara moja na mfadhili, na upotevu hulipwa kila siku na muuguzi, kwa mega zake na chaji yake. Gharama hiyo haionekani katika kitabu chochote cha hesabu, kwa hiyo hakuna anayeipunguza.

Ndiyo maana naona mlango wa mabadiliko uko kwenye mkataba. Haut-Lomami ina zoni kumi na sita za afya, na kila mradi unaoleta programu kwenye zoni hizo huandikiwa masharti kabla ya fedha kutoka. Masharti hayo yangeweza kudai mambo ya kupimika: faili la kusakinisha lisizidi megabaiti ishirini, kazi zote za msingi ziende wiki mbili bila mtandao, matokeo ya profaila yaambatishwe, yakiwa yamepimwa kwenye simu ya gigabaiti mbili yenye viini vya Cortex-A53, masasisho yaweze kuletwa kwa kadi ya kumbukumbu, yakiwa na saini ya kidijitali inayothibitishwa na simu yenyewe, na msimbo ukabidhiwe pamoja na maktaba zake zote, ili fundi wa Kamina aweze kuukusanya upya kwenye laptopu yake bila kununua mega hata moja.